Uliza Kwanza Nani Anaota Moto Huo

Mmeniomba, ninyi mnaobaki karakanani, niandike machache kuhusu kazi tuliyoifanya pamoja: kuyaondoa maboila ya dizeli, mitungi ya gesi na majiko ya makaa katika makazi ya watu, na kuweka mahali pake joto la jua na pampu za joto. Nimekubali kwa sharti kwamba nitaandika niliyoyaona mwenyewe. Yaliyosemwa na wengine ni mengi na yanapatikana bure kwa kila kinyozi wa Nakuru. Hayahitaji kalamu yangu. Vyeo na mishahara pia nitaviruka. Havikuwahi kupasha moto maji ya mtu yeyote.

Niliingia kazini moja kwa moja kutoka chuo cha ufundi, nikiwa na cheti kipya na ovaroli iliyopigwa pasi. Boila la dizeli nililokabidhiwa, nyuma ya hoteli moja mjini Nakuru, halikuheshimu chochote kati ya hivyo viwili. Msimamizi wangu alikuwa Bwana Gurmit, Singasinga mwenye kilemba cha kijivu na mikono iliyonuka dizeli hata siku ya Jumapili. Alinikuta nimesimama mlangoni.

"Boila iko sawa?" akaniuliza.

"Iko sawa, bwana. Imeshapata moto."

"Nani naambia wewe?"

"Mlinzi, bwana."

"Mlinzi iko geji?"

"Hapana, bwana."

"Basi enda soma geji."

Nilikwenda nikaisoma. Boila lilikuwa limezimika kabla ya mapambazuko. Mlinzi hakuwa mwongo. Alikuwa ameligusa lilipokuwa bado na joto lake la jana. Tangu siku hiyo sijampokea mtu habari ya joto bila kuuliza kama aliipima, na nimeambiwa mara nyingi kwamba tabia hiyo hainifanyi kuwa mtu wa kupendeza katika harusi.

Bwana Gurmit alinifundisha kazi kwa mpangilio wake. Kwanza kusafisha, kisha kusikiliza, na kufungua ndiyo iwe ya mwisho. Alikuwa na spana moja ya zamani ambayo hakumwazima mtu, na kipimajoto cha kioo alichokibeba katika mfuko wa shati kama wengine wanavyobeba kalamu. Alipokaribia kustaafu, hoteli iliamua kuachana na dizeli. Tukaweka paneli za kupasha maji juu ya paa, na chini yake pampu ya joto kwa ajili ya siku za mawingu. Mitambo ilifanya kazi vizuri, na wageni wa hoteli hawakujua kwamba kuna kilichobadilika, jambo ambalo katika kazi yetu ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Waliolalamika walikuwa watu ambao hatukuwa tumewafikiria. Kina mama wa kufua walikuwa wakianika sare zao kwenye ukuta wa chumba cha boila, na sasa walikwenda nyumbani na nguo mbichi. Mwokaji alikuwa akiweka unga wake hapo uumuke. Mlinzi, yule yule wa siku yangu ya kwanza, alikuwa akipasha githeri yake juu ya bomba. Bwana Gurmit aliyasikiliza malalamiko yote akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo kiini cha waraka huu:

"Kabla zima moto, uliza kwanza nani naota."

Tukawajengea kabati la kukaushia nguo, likipashwa na maji yale yale ya jua. Mwokaji alipata rafu yake humo. Mlinzi hakupata kitu, ila nilimwona baadaye akipasha chakula chake jikoni, na mpishi akijifanya haoni.

Kwa miaka mingi baada ya hapo nilitumwa huku na huku. Nitataja Kamere peke yake, ufukweni mwa Ziwa Naivasha, ambako tuliwawekea wafanyakazi wa mashamba ya maua matangi ya maji ya jua kwenye nyumba zao. Haukupita muda, wanaume wakaacha kuyaoga. Ilisemekana kwamba maji yaliyopashwa na jua humpunguzia mwanamume nguvu. Nilimwuliza kila aliyelisema kama limempata yeye. Halikuwa limempata yeye. Lilikuwa limempata jirani. Nilikwenda kwa jirani, naye akanielekeza kwa jirani yake. Nilipoacha kuuliza midomo na kuanza kupima mabomba, niligundua kwamba maji yalikuwa moto sana jioni na baridi kabisa alfajiri, saa ambayo watu wale walioga kabla ya kwenda kazini. Upepo wa ziwani uliyapoza katika mabomba yasiyofunikwa. Anayeoga maji ya barafu gizani hakosi kujisikia dhaifu, na dhaifu hutafuta sababu. Tuliyafunika mabomba kwa sponji nzito, na nguvu za wanaume wa Kamere zikarejea, kwa mujibu wao wenyewe. Hilo sikulipima.

Sasa nifike Dundori, maana ndiko nilikopata kazi iliyonisumbua kuliko zote.

Mama Nyambura ni mjane mzee anayeishi katika nyumba ya mawe aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe, juu ya shamba la viazi. Mume amezikwa pembeni mwa shamba hilo. Huko juu baridi ya Julai huingia hadi kwenye mifupa, na kwa maisha yake yote mama huyo aliota moto wa makaa sebuleni, hadi kifua chake kikachoka. Daktari akamkataza moshi. Mwanawe Kimani, anayefanya kazi ya ofisi mjini Nakuru, akanunua pampu ya joto, na mwenzenu Chebet akaenda kuifunga. Chebet ni fundi makini. Wengi wenu mnamfahamu kwa ukali wake kuhusu vumbi kwenye mabomba ya shaba. Aliuliza kama kuna jiko linalotumika ndani ya nyumba. Akajibiwa kwamba jiko limetolewa, liko kwenye kibanda cha kupikia cha nje. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ninasisitiza hivyo kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji atafute mwongo. Hakuwapo.

Majuma machache baadaye Kimani alinipigia simu.

"Mzee Barasa, kujeni mtoe hii mashine yenu. Inamuua mathe."

Nilipanda Dundori pamoja na Chebet Jumamosi moja ya Julai, katika manyunyu na ukungu. Gari la Kimani lilikuwa limeegeshwa mlangoni, buti wazi, na ndani yake mlikuwa na blanketi zilizofungwa kwa leso, sufuria mbili na picha ya marehemu iliyofunikwa kwa gazeti. Nilielewa kabla ya kusalimiana. Mashine ikitoka, mama naye angetoka, ahamie kwenye fleti ya mwanawe mjini.

Sebuleni walikuwa wakibishana.

"Mimi siendi," alikuwa akisema Mama Nyambura, amekaa wima ndani ya koti lake. "Nakuru nitaangalia nini? Ukuta ya jirani?"

"Mathe, si ulianguka hapo kwa mlango?"

"Nilianguka nikaamka."

"Na ukatapika."

"Wewe pia ulikuwa unatapika ukiwa mtoto, na sikukupeleka Nakuru."

Jirani yake, Mama Njeri, alikuwa amekuja kuaga na pia, nadhani, kushuhudia mashine ikitolewa. Alinigeukia. "Fundi, hiyo kitu yenu inakula hewa. Inavuta ya ndani inapeleka nje kwa ile sanduku. Hata mimi nikikaa hapa inanishika kichwa."

"Uliiona ikila?"

"Kwani hewa huonekana?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu mengi niliyopewa katika maisha yangu ya kazi, nikaona anastahili kujibiwa kwa utaratibu. Nilimwambia pampu ya joto ni ndugu ya friji. Friji huchukua joto la ndani yake na kulitupa nyuma, ndiyo maana ukigusa mgongo wa friji una joto. Pampu yetu huchukua joto la nje na kulileta ndani.

"Joto ya nje gani?" Mama Nyambura akauliza, akiutazama ukungu dirishani. "Ya Mombasa?"

Chebet akacheka, nami nikamkazia macho, ingawa swali lilikuwa la haki. Hata hewa ya baridi ina joto ndani yake, kidogo. Mashine hulikusanya kama mtu anayekamua ng'ombe asiyetoa sana. Kisha nikamwomba Mama Njeri aweke kiganja chake mahali mabomba yanapopita ukutani. Aliweka, akatulia, akasema hasikii upepo wowote. Mabomba yale ni mawili, yamezibwa, na kinachozunguka humo hakichangamani na hewa ya chumba. Aliondoa mkono lakini hakuondoa shaka, na sikumlaumu. Kichwa kilikuwa kimemuuma kweli.

Nilitoa kifaa changu kidogo cha kupima hewa yenye sumu, ile isiyo na harufu wala rangi, inayozaliwa makaa yanapoungua. Kikaonyesha sifuri. Tulikagua mashine tangu sanduku la nje hadi la ndani. Haikuwa na kasoro. Nikamwuliza mama ni siku zipi hasa huugua.

"Alhamisi. Na Jumapili jioni."

"Siku nyingine?"

"Siku nyingine niko sawa kabisa. Ndio nawaambia siendi mahali."

"Alhamisi kuna nini?"

"Kina mama wa kanisa huja tukaomba."

Kimani alisema kwa sauti ya chini kwamba pengine mama huchoka na watu. Mama Njeri alisema pengine ni watu, kwa namna iliyoonyesha kwamba anao wawili au watatu akilini. Mashine haijui Alhamisi. Nilikuwa na ugonjwa wa kweli, mashine nzima na kipimo kinachosoma sifuri, na mwanamume aliyempenda mama yake akitazama saa kwa sababu barabara ya kushuka huteleza mvua ikizidi.

"Basi mkae mnywe chai," akasema Mama Nyambura. "Hamwezi kutoka kwangu hivyo na mvua."

Ninaomba msomaji azingatie hatua hii. Hadi hapo tulikuwa mafundi, tumesimama, tuna spana mikononi. Tulipoketi, tukawa wageni. Mama alitoka kwenda kwenye kibanda cha kupikia na Mama Njeri akamfuata. Waliporudi, mmoja alishika birika, na mwingine alishika jiko la makaa lililoshika vizuri, jekundu tupu, halina hata uzi wa moshi. Wakaliweka miguuni pangu.

"Nyoosha mikono, baba," mama akaniambia. "Mmefanya kazi kwa baridi."

Mimi si mtu wa huko, lakini hata mgeni kama mimi alielewa kwamba nilikuwa nimeheshimiwa. Nilinyoosha mikono. Tukanywa chai. Kikombe changu hakikuwa kimefika nusu wakati kile kifaa, nilichokuwa nimekisahau juu ya kitambaa cha meza, kilipoanza kulia.

"Hiyo nayo inalia nini?" akauliza Mama Njeri.

"Inasema sote tutoke nje," nikasema. "Sasa hivi. Chebet, toa jiko."

Tulisimama kwenye veranda, kila mmoja na kikombe chake, mvua ikigonga mabati. Nilimrudisha kila mmoja nyuma kwa maswali mafupi. Alhamisi jiko huingia? Huingia, kina mama wakifika. Jumapili? Huingia, watu wakitoka kanisani. Siku za katikati? Siku za katikati mama yuko peke yake, na mtu hajiwekei jiko la wageni peke yake.

"Lakini daktari alisema moshi," Mama Nyambura akasema. "Hii haina moshi. Mimi siwezi kuletea mgeni moto ya moshi."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego wenyewe, na ninyi vijana mwukumbuke. Makaa yaliyoshika, yale mazuri yanayomfaa mgeni, ndiyo yasiyotoa onyo lolote.

Bado swali moja lilibaki. Wageni wa nyumba hii walikuwa wameletewa jiko kwa miaka na miaka, na hakuna aliyekuwa akianguka mlangoni. Nilirudi ndani milango ikiwa wazi, nikasogeza mapazia. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na mnayajua. Wajenzi wa zamani waliyaacha kwa sababu walijua watu watawasha moto ndani. Matundu ya Mama Nyambura yalikuwa yamejazwa sponji, yakazibwa kwa tepi, yakapakwa rangi, kazi safi kabisa.

"Chebet?"

"Mzee, mimi niliyaacha wazi. Naapa."

"Ni mimi," akasema Kimani. Alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe kitupu. "Niliona video. Walisema ukiweka hii mashine, uzibe kila shimo joto isitoroke. Nikakuja Jumapili nikaziba. Nilitaka asisikie baridi."

Ningeweza kumkemea, nimewahi kukemea watu kwa makosa madogo zaidi ya hilo. Lakini video ile haikuwa imedanganya. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba za nchi ambazo mgeni akija hupewa kiti na kikombe, basi. Kimani aliziba kwa upendo, mama yake akawasha kwa upendo, na upendo wa aina mbili ukakutana katika chumba kimoja kisicho na tundu. Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Akaondoa miwani yake akaifuta, ingawa mvua haikuwa imemfikia.

Mama Nyambura ndiye aliyeumia zaidi. "Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikiwaumiza? Watu wanakuja kuomba na mimi nawapatia sumu?"

"Ulikuwa unawapa moto, Mama," nikamwambia. "Nyumba ndiyo iliyokatazwa kupumua."

Tulifungua matundu siku hiyo hiyo. Lakini mimi nilimkumbuka Bwana Gurmit juu ya ndoo yake. Hata matundu yakiwa wazi, makaa ndani ya nyumba yana madhara, na kifua cha mama kilikuwa ushahidi wa kutosha. Jiko lilipaswa kubaki nje. Lakini nani alikuwa akiota moto huo? Si mama. Walikuwa wageni wake. Tulikuwa tumempa mashine inayopasha chumba, na hatukumpa kitu cha kumpa mtu anayeingia kutoka kwenye mvua.

"Mgeni akija nimfanye nini?" akaniuliza. "Nimwonyeshe remote?"

Sanduku la ndani lilikuwa limefungwa juu ukutani, karibu na dari, likipuliza joto juu ya vichwa vya watu. Hakuna mgeni anayenyoosha mikono kuelekea darini. Nikashauriana na Chebet, na yeye ndiye aliyependekeza tuweke sanduku la aina nyingine, la kukaa chini, kimo cha magoti, linalotoa joto mbele. Lilipofika, tulilifunga katikati ya ukuta mrefu na tukavigeuza viti viliangalie. Tukafunika dari kwa mbao nyepesi ili joto lisitorokee kwenye mabati, na matundu tukayaacha yalivyo. Mashine ingefanya kazi zaidi kidogo, tukakubali. Umeme ukipotea, jiko lingewashwa kwenye veranda na watu wajifunike blanketi. Kanuni hizo ziko ukutani kwetu karakanani kwa mwandiko wa Chebet, na sitaki kuona mtu amezifunika kwa kalenda.

Siku tuliyowasha, Mama Nyambura aliniuliza umeme wenyewe unatoka wapi. Nilimwambia sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii hutoka kwenye mvuke wa ardhini, na mwingi wake kule Olkaria, ng'ambo ya Naivasha, mahali ardhi inapochemka yenyewe.

Alilifikiria hilo. "Kwa hivyo bado ni moto," akasema. "Ni vile iko mbali."

Nilijitayarisha kumsahihisha, kisha nikaona hakuna cha kusahihisha.

Alhamisi iliyofuata tulikuwapo, na Mama Njeri alikuja kwanza kuliko wengine, amelowa, na uso wa mtu aliyekuja kukagua. Mama Nyambura hakumletea kitu. Alichukua kigoda, akakiweka mbele ya lile sanduku, akamshika mwenzake bega akamketisha. Badala ya kumsogezea mgeni moto, alimsogeza mgeni kwenye moto. Mama Njeri alinyoosha mikono. Tulingoja hukumu.

"Haina harufu," akasema hatimaye. "Lakini inafika kwa magoti."

Nje, Kimani alikuwa akitoa kwenye buti ya gari zile sufuria mbili ambazo alikuwa amezunguka nazo majuma yote hayo kwa kutoamini kwamba mama atabaki. Picha ya baba yake aliirudisha mwenyewe kwenye msumari wake.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Sikutaka sherehe, nikafanyiwa, na keki ilikuwa tamu kupita kiasi. Juma lililofuata nilipanda Dundori kumuaga Mama Nyambura. Nilimkuta na kina mama wake, vigoda vimepangwa nusu duara, birika limejaa. Hakuna aliyeumwa kichwa tangu Julai ile. Nilimwuliza kila mmoja kwa zamu yake, kuhusu kichwa chake mwenyewe na si cha jirani. Kisha, kwa mazoea, nikatoa kile kifaa mfukoni na kuanza kuzunguka chumba.

"Wewe fundi," Mama Nyambura akaniita, akivuta kigoda mbele ya joto. "Weka hiyo kitu chini. Leo wewe ni mgeni."

Nilitii. Nikaketi, nikanyoosha mikono, nikapewa chai. Kifaa nilikiweka juu ya kitambaa cha meza, mahali pale pale pa siku ile.

Sikukizima.